Kikao cha Saa Tisa Alasiri

Siku mtaalamu wa majengo alipokuja kuipima nyumba, Mama Pacha alimwandalia chai, akatandika kitambaa safi mezani, kisha akakaa kwenye kiti cha pembeni akingoja kuulizwa. Hakuulizwa kitu.

Mtaalamu alikuwa mwanamume wa makamo, mpole wa maneno, mwenye kishikwambi mkononi na kifaa kidogo cha kupimia kuta kwa mwanga mwekundu. Aliyemleta ni kaka mkubwa wa mume wake Mama Pacha, ambaye ukoo mzima ulimwita Mwenyekiti. Jina hilo hakupewa na chama chochote. Ni kwamba hakuwahi kukaa kikao cha familia asikiendeshe yeye. Hata mkiwa watatu mnangoja kupanda gari, yeye ndiye angepanga nani akae wapi.

Nyumba yenyewe ilijengwa na marehemu baba yao miaka arobaini iliyopita. Ilisimama peke yake katikati ya kiwanja, matofali ya saruji, bati juu, njia ya kupita pande zote. Mbele ilitazama barabara na jua la asubuhi. Huko ndiko kulikuwa na sebule na chumba cha wageni. Nyuma ilitazama magharibi, uani pasipo hata kichaka, na huko ndiko walikokaa watu: chumba cha mama mkwe, chumba cha kushonea cha Mama Pacha, jiko, na chumba alicholala yeye na mumewe. Mapacha wao walikuwa shule ya bweni. Mwenyekiti na dada yao, muuguzi, walikuwa na makazi yao kwingine, lakini nyumba ilikuwa ya wote, kwa hiyo hakuna msumari uliopigwa bila kikao.

Safari hii walikubaliana jambo moja: nyumba ilikuwa imechakaa, joto lilikuwa halivumiliki, na umeme ulikuwa unaliwa kama karanga. Ikarabatiwe, na ikarabatiwe kwa namna ya kupunguza umeme. Hapo hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa unakuja.

"Hapa mbele tutaweka vioo vikubwa," Mwenyekiti alisema, akichora hewani kwa mikono miwili. "Kioo kimoja toka huku mpaka huku, kisichofunguka, kisipitishe vumbi. Kiyoyozi kimoja sebuleni, kingine chumba cha wageni. Halafu paneli za jua juu ya paa la mbele, mtu akipita barabarani aone kwamba hii nyumba inakwenda na wakati."

Mtaalamu aliandika. Kisha akageuka kuelekea koridoni. "Na huku nyuma?"

"Huko ni jikoni na vyumba vya kina mama," Mwenyekiti akasema. "Tutapaona siku nyingine."

Mama Pacha akakohoa kidogo. "Shemeji, samahani. Joto la nyumba hii liko nyuma. Mbele kunakuwa na joto asubuhi tu, ikifika saa sita kumeshapoa."

Mwenyekiti alimtazama kwa upole ule wa mtu mzima anayemsikiliza mtoto akisimulia ndoto. "Shemeji, tumekusikia. Lakini haya mambo ni ya kitaalamu."

Mtaalamu alishusha macho kwenye kishikwambi chake. Mumewe Mama Pacha, karani wa ghala la vipuri vya magari, mtu aliyeweza kukumbuka nambari ya kila boliti iliyoingia ghalani, alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake cha chai kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Mama Pacha alimtazama akingoja. Kikombe kilikuwa na mambo mengi siku ile.

Akasimama, akaenda zake chumbani kwake kushona.

Chumba hicho alikijua kama anavyoujua mwili wake. Asubuhi kilikuwa chumba cha kawaida. Saa saba jua lilivuka paa, na bati likaanza kulia juu ya dari, ka, ka, ka, linavyojinyoosha kwenye misumari. Saa nane ukuta wa magharibi ulianza kutoa joto kama mgongo wa mtu mwenye homa. Saa tisa alikuwa ameshafunga kitambaa kichwani jasho lisidondokee sare za wanafunzi, na bado pasi ilikuwa inamngoja. Kati ya bati na kichwa chake kulikuwa na dari ya mbao laini, nyembamba kama daftari, basi. Kwa feni mbili alikuwa anasukuma hewa ya moto kutoka kona hii kwenda kona ile. Mashine ya kushonea ilikuwa ya umeme na ilikula kidogo sana. Feni, pamoja na friji kuukuu lililokuwa linahangaika jikoni mchana kutwa, ndizo zilizokuwa zinakula. Haya yote hakuna aliyetaka kuyasikia, kwa sababu yeye hakuwa ameyasomea.

Siku ile alishona huku amekunja uso mpaka paji likamuuma. Alikosea mkono wa shati, akaufumua, akakosea tena. Hatimaye akauweka chini na kumpigia simu wifi yake.

"Wifi, una kipimajoto cha chumbani?"

"Ninacho kimoja cha zamani. Cha nini?"

"Kuna mtu nataka kumfundisha kusoma."

Muuguzi akacheka, akakileta kesho yake akitoka kazini. Hakuuliza zaidi. Alimjua kaka yake kabla ya Mama Pacha kumjua.

Kuanzia hapo, kila siku, kila baada ya saa moja, Mama Pacha alipima. Hakutafuta daftari. Alichukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, ile ya bluu, akaandika ukutani, kila chumba na ukuta wake. Sebuleni saa tisa: ishirini na tisa. Jikoni saa tisa: thelathini na tano. Chumba cha kushonea: thelathini na sita. Chumba cha mama: thelathini na sita, siku nyingine thelathini na saba.

Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani akimtazama anavyoandika. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye umri wa miaka themanini na ulimi usiozeeka.

"Unaniandikia ukutani kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Nitafuta, mama."

"Usifute. Angalau nina cha kusoma." Akajipepea kwa kipande cha boksi. "Zamani chumba hiki kilikuwa na upepo. Baba yenu alitoboa matundu kule juu, chini ya bati. Ulikuwa unalala unavuta shuka."

Mama Pacha aliinua macho. Ukuta ulikuwa laini moja kwa moja mpaka darini. Alichukua kiti, akapanda, akagonga kwa kidole. Hapa mgumu, hapa mgumu, hapa mlio ukabadilika. Alizunguka nyuma ya nyumba yote kwa kugonga, na kabla ya jioni alikuwa amehesabu sehemu kumi na mbili zilizozibwa kwa saruji na kupakwa rangi juu yake.

"Nani aliziba, mama?"

"Mwanangu mkubwa, nani mwingine. Alipooa. Alisema wageni wa harusi wataona ukuta una matundu kama ghala la mahindi. Na dirisha hili akalipaka rangi likiwa limefungwa. Toka siku hiyo halifunguki."

Mama Pacha alishuka kwenye kiti taratibu. Miaka kumi na tano alikuwa ameolewa ndani ya nyumba ile. Miaka kumi na tano alikuwa anapikwa na mtu mmoja, halafu mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa anamwambia mambo haya ni ya kitaalamu. 

Ilikuwa Jumanne ya wiki iliyofuata. Kipimajoto kilisoma thelathini na nane saa nane na nusu, kiwango ambacho hakuwahi kukiona. Alikuwa anamalizia sare za shule moja, mashine inakwenda, mlango wazi. Desturi yao ilikuwa kwamba mama mkwe, akiwa chumbani kwake upande wa pili wa ukuta, hupaza sauti mara kwa mara. "Uzi umekatika?" Au, "Hiyo pasi usiiache." Mama Pacha alimaliza kola tatu ndipo akagundua kwamba hajasikia sauti muda mrefu.

Alimkuta sakafuni kati ya kitanda na kabati. Ngozi ilikuwa kavu na ya moto kama sufuria, midomo inasema maneno yasiyoshikana, anamwita mumewe aliyekufa zamani. Mama Pacha hakupiga kelele. Alimburuta mpaka koridoni kwenye sakafu ya baridi, akammwagia maji shingoni na kwapani, akamfunika kwa kitambaa cha sare kilicholowa, kisha akakimbia kwa jirani mwenye gari bila kuvaa viatu.

Hospitalini walimtundikia maji. Ilipofika jioni alikuwa anajijua, anawagombeza wauguzi kwamba mto ni mgumu. Daktari alitoka akasema ni joto. Mwili wa mtu mzima wa umri ule haujipozi vizuri, alisema. Wangechelewa nusu saa, mazungumzo yangekuwa mengine.

Mwenyekiti alifika akiwa na shati la kazini, uso umemvimba kwa hofu. Mama Pacha aliiona ile hofu na kwa dakika moja akamwonea huruma. Kisha mtu yule akafungua mdomo.

"Shemeji, wewe uko nyumbani kutwa nzima. Ulikuwa unafanya nini mpaka mama anaanguka?"

Koridoni kulikuwa na watu kwenye mabenchi, na wote walisikia. Wifi yake, aliyekuwa ameshika faili la mama, alisema, "Kaka, daktari amesema ni joto la chumba."

"Nimesikia. Ndiyo maana nataka viyoyozi viharakishwe. Mama atakuwa anashinda sebuleni. Lakini nauliza, mtu mzima anaachwaje peke yake?"

Mama Pacha alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa ameegemea ukuta, mikono nyuma. Alikuwa anaitazama saa ya ukutani.

Mama Pacha alienda bombani kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu, akagundua kwamba bado hana viatu.

Walirudi nyumbani yeye na mumewe kabla jua halijazama, wifi akabaki na mgonjwa. Mumewe alitaka kuwasha feni. Alimzuia mkono.

"Ulisikia alichoniambia?"

"Nilisikia."

"Ukasema nini?"

"Mama Pacha, pale ni hospitalini. Ungetaka nigombane na kaka mbele za watu?"

"Yeye alinigombeza mbele za nani? Mbele za viti?"

"Alikuwa na hofu. Unamjua alivyo."

"Namjua. Wewe ndiye nisiyekujua. Kwenye ghala lako boliti moja ikipotea unaandika barua ya kurasa mbili. Mimi nikipotezewa heshima yangu, unaangalia saa."

Alisimama akingoja jibu, mumewe akakaa kitandani akivua soksi, polepole, moja baada ya nyingine. Mama Pacha akachukua mto wake akaenda kulala kwenye mkeka wa chumba cha kushonea, kando ya ule ukuta uliokuwa bado unatoa joto la mchana.

Kikao cha kupitisha michoro kilipangwa Jumamosi saa tisa. Mama mkwe alikuwa ameruhusiwa siku mbili kabla, akapelekwa kwa binti yake kupumzika. Jumamosi hiyo wifi alimrudisha, kwa sababu alikuwa amekataa katakata kuzungumziwa asipokuwapo.

Mama Pacha alianza kazi saa sita mchana. Alitoa viti vyote sebuleni, kimoja kimoja, akavipeleka chumbani kwa mama mkwe. Alisogeza kitanda ukutani, akapanga viti sita kwa duara, goti kwa goti. Meza ndogo katikati. Kipimajoto akakitundika kwenye msumari, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Kisha akafunga sebule kwa ufunguo, akautia ufunguo kwenye kopo la vifungo, akalifunika. Mumewe alikuwa anamfuata koridoni, na mara mbili alibeba kiti upande mmoja kumsaidia. Mama Pacha hakumshukuru.

Mama mkwe alipofika walimweka nje, upande wa mbele penye kivuli, na jagi la maji kando. "Mama, wewe ngoja hapa kwanza," Mama Pacha alimwambia. "Nikikuhitaji nitakuita."

"Unapanga nini?"

"Kikao."

Mama mkwe alimtazama usoni. "Basi kifanye vizuri," akasema.

Mwenyekiti aliingia na mtaalamu saa tisa kasorobo, mafaili kwapani. Akashika kitasa cha sebule, kikagoma.

"Kuna nini na sebule?"

"Imefungwa," Mama Pacha akasema.

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi. Tunakaa chumbani kwa mama. Viti viko tayari."

Mwenyekiti alicheka kidogo, kwa ajili ya mtaalamu. Mbele ya mgeni hakuweza kunyang'anyana ufunguo na shemeji yake, na hilo Mama Pacha alikuwa amelipiga hesabu. "Haya," akasema. "Kina mama wakiamua, nani atapinga."

Wakaingia: Mwenyekiti, mtaalamu, wifi, mume, Mama Pacha. Akafunga mlango, kama mama mkwe anavyoufunga kila siku kwa ajili ya moshi wa jikoni.

Mwanzoni hakuna aliyesema neno kuhusu joto. Mwenyekiti alifungua faili, akasoma ajenda ya kwanza kwa sauti ya kikao. Bati likaanza, ka, ka, ka. Mtaalamu aliinua macho darini. Ajenda ya pili ilikuwa vioo vya mbele. Tone la jasho lilitoka kwenye kidevu cha Mwenyekiti likadondoka juu ya mchoro wa kiyoyozi, likaacha doa. Akalifuta kwa kiwiko akaendelea.

"Kipimajoto kinasema thelathini na sita," Mama Pacha akasema. "Tukiwa watano tutafika thelathini na nane. Siku mama alipoanguka kilikuwa hapohapo."

"Shemeji, tufuate ajenda."

"Ajenda ndiyo hii. Soma ukutani."

Mtaalamu alikuwa ameshasimama. Alikuwa anasoma zile nambari za bluu, safu kwa safu, siku kwa siku, wiki nzima na ushei, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyoinamisha kichwa. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi akakitoa haraka. Akajaribu dirisha, halikutikisika.

"Nani ameandika hizi?"

"Mimi."

"Hii ndiyo kazi niliyotakiwa kuifanya mimi," alisema taratibu. "Niwe mkweli. Vyumba hivi sikuviingia. Niliambiwa havihusiki."

"Panda kwenye kiti," Mama Pacha akamwambia. "Gonga pale juu, karibu na kona."

Alipanda akagonga. Wote wakausikia mlio unavyobadilika.

"Kulikuwa na tundu la hewa."

"Kumi na mawili. Muulize shemeji yangu nani aliyaziba."

Mwenyekiti alijifuta shingo kwa leso iliyokwisha kulowa. "Yalikuwa yanaingiza popo."

"Popo gani, kaka?" wifi akasema. "Ulisema wageni wa harusi watatucheka. Mimi ndiye niliyekukorogea ile saruji."

Hapo Mwenyekiti akasimama, uso mwekundu, shati limegandana na mgongo. "Kikao kimeahirishwa. Siwezi kukaa hapa kudhalilishwa kwenye nyumba ya baba yangu. Tutakutana mahali penye utaratibu."

Akageukia mlango. Mumewe Mama Pacha ndiye aliyekuwa amekaa karibu nao. Hakusimama, wala hakupaza sauti. Alinyoosha mguu tu, ukazuia mlango.

"Kaka, kaa chini."

Ilikuwa kama kabati limesema. Mwenyekiti alimtazama mdogo wake kwa muda, akingoja acheke au aombe radhi. Mguu haukuondoka. Akarudi kwenye kiti chake.

Mama Pacha alikuwa amejiandalia maneno mengi wiki nzima, ameyakata na kuyashona upya usiku kwenye ule mkeka. Sasa yalipotakiwa aliyaona marefu.

"Shemeji, uliniuliza hospitalini nilikuwa nafanya nini. Nakujibu leo. Nilikuwa nashona upande wa pili wa ukuta huu, kwenye joto hilihili, kama ninavyofanya kila siku. Mama alikuwa anaiva humu ndani, nami nilikuwa naiva kule. Nilikwambia joto liko nyuma, ukaniambia ni mambo ya kitaalamu. Haya, mtaalamu huyu hapa, anatoka jasho. Umekaa dakika ishirini tu na umeshataka kutoka. Mama yako amekaa miaka. Na wewe ulitaka kununua viyoyozi viwili vya sebule, ambako hakuna anayelala, ili watu wa barabarani wakuone."

Alisema kwa sauti ya kawaida, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Mama tungemhamishia mbele," Mwenyekiti alisema, safari hii kwa sauti ndogo. "Chumba cha wageni. Ndiyo ilikuwa nia yangu."

Mlango ukasukumwa. Mume akaondoa mguu. Mama mkwe alikuwa amesimama hapo na fimbo yake, na ni dhahiri kwamba hakuwa amengoja kuitwa.

"Mnanizungumzia kama kabati la kuhamishwa," akasema. "Nani amekwambia nataka kwenda mbele? Mbele kuna nini, kelele za magari? Mimi nakaa hapa. Nikisikia cherehani inalia najua kuna mtu. Ikinyamaza najua amekwenda kupika. Wewe ukiniweka sebuleni na kioo kisichofunguka nitakuwa kama samaki wa hotelini." Akapumua. "Na wewe Mama Pacha, viti vyangu vimekwaruza sakafu."

"Nitaisugua, mama."

"Utaisugua. Sasa fungueni huo mlango, mtakufa humu, nianze kuwapeleka hospitali mmoja mmoja."

Wakatoka wote mpaka nje kwenye kivuli, na hapo, wakiwa wamesimama na bilauri za maji mikononi, ndipo mpango wa kweli ulipopangwa. Mtaalamu alifuta kila kitu kwenye kishikwambi akaanza upya. Kwanza punguza joto linaloingia, alisema, halafu ndipo uzungumzie umeme. Matundu kumi na mawili yafunguliwe, yawekwe wavu wa kuzuia popo na wadudu. Juu ya dari yatandikwe mablanketi mazito ya kuzuia joto, kuanzia nyuma. Bati lipakwe rangi nyeupe ya kurudisha jua. Ukuta wa magharibi ujengewe kivuli cha mbao, madirisha ya nyuma yabadilishwe yawe ya kufunguka, na friji lihamishwe kwenye ukuta wa upande wa kivuli. Paneli chache zitatosha, ziwekwe paa la nyuma, upande wenye jua la alasiri, wakati feni na friji zinapokula umeme zaidi, hata kama hazionekani barabarani.

Kila alichosema alimgeukia Mama Pacha akamuuliza: saa ngapi jua linafika hapa? Upepo wa jioni unatoka wapi? Mvua inapiga upande gani? Na Mama Pacha alimjibu kila swali, kwa ufupi, bila tabasamu.

Mafundi walikaa wiki tano. Siku walipolifungua tundu la mwisho kwa patasi, vumbi la saruji ya harusi likamwagika juu ya kitanda cha mama mkwe, naye akawatukana kwa furaha. Mwezi uliofuata, mchana wa jua kali, kipimajoto kilisoma ishirini na tisa saa tisa alasiri. Mama mkwe alilala mchana na shuka. Feni moja ilitolewa ikapewa jirani mwenye gari.

Basi ungesema mambo yamekwisha. Mwenyekiti naye alisema hivyo. Jumapili moja alikuja na wenzake wawili wa kazini kuwaonyesha, akawazungusha nyumba nzima kama mtu anayefungua jengo la serikali. Mama Pacha alikuwa kwenye mashine, dirisha wazi, na alimsikia anavyoeleza uani.

"Mimi nilimwambia fundi, anza na nyuma. Watu wengi wanakimbilia kununua viyoyozi. Ni kutojua. Joto huzuiwa kwanza."

Mama Pacha akatoa kichwa dirishani. "Shemeji, waambie pia nani aliyaziba matundu."

Wale wageni walicheka, wakidhani ni utani wa shemeji na shemeji. Mwenyekiti akacheka nao, akasema ukoo huu una maneno, akawapeleka kuona paneli. Mama Pacha hakucheka. Ile kauli ya hospitalini, mbele ya mabenchi yaliyojaa watu, haikuwa imeombewa radhi. Hakuna aliyeitaja tena. Ilikuwa imeachwa imalizwe na upepo mzuri.

Wageni walipoondoka mumewe aliingia chumba cha kushonea, akavuta kigoda.

"Nyumba imepoa," alisema. "Wewe bado."

"Bado."

"Nilidhani siku ile nilipomwambia akae..."

"Nilisikia. Maneno matatu kwa miaka kumi na tano. Nashukuru. Sijashiba."

Alikaa pale akichezea kipande cha uzi. Mama Pacha aliendelea na pindo lake, hakumsaidia. Baada ya muda mumewe akasimama, akatoa simu mfukoni, akatoka uani, akasimama palepale alipokuwa amesimama kaka yake.

"Kaka," alimsikia akisema. "Hapana, nimeona wageni, ni wazuri. Kuna jambo la hospitalini hatukulimaliza. Hapana. Lile ulilomwambia mke wangu." Sauti ya upande wa pili ilitoka kwenye simu mpaka dirishani, kubwa na ya haraka, maneno hayashikiki. "Sikukatazi kuongea, kaka. Nasema lile hukupaswa kulisema, na unapaswa kuja kumwambia mwenyewe." Akarudia maneno yaleyale, polepole, kama anamsomea mtu nambari ya kipuri. Akarudia mara ya tatu.

Aliporudi ndani paji la uso lilikuwa limemtoka jasho, ingawa chumba kilikuwa na ubaridi.

"Amekata simu."

"Utampigia tena?"

"Nitampigia kesho. Na keshokutwa."

Mama Pacha alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kisha akamsogezea rundo la mashati yaliyokamilika na sindano yenye uzi mweupe.

"Basi kaa," akasema. "Vifungo sita kila shati. Ukikosea unafumua mwenyewe."